Dati Nane za Elmina

Shule ya Msingi Wayando, Kisiwani
2 Juni 2025

Kwa Mama,

Nakusalimu nikiwa nimesimama, ingawa hunioni. Phyllis ni mzima. Anakula, anacheka, anawakemea watoto wa darasa la tatu mpaka sisi wa upande wa pili wa uwanja tunanyamaza. Amesema nikuandikie mwenyewe maana hili ni jambo la fundi, si la binti.

Najua kwenu mkwe hapigii mama mkwe simu ovyo. Nilipokuja kumposa Phyllis, mzee Ondieki wa ukoo wenu aliniketisha nikiangalia mlango, wewe ukaongea kutoka jikoni, na huu ni mwaka wa sita sijui macho yako yana rangi gani. Sisi Wakipsigis tuna heshima yetu, lakini hiyo yenu ya chinsoni, mkwe na mama mkwe wasitazamane, ni kali. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hatuangaliani.

Mama, nimepata mashua ya matanga. Ni ndogo, futi kumi na nne, aliniachia mwalimu aliyestaafu. Tanga lake limeoza. Naomba unishonee lingine kwa lile turubai jepesi la bluu unaloshonea aproni za wachuma chai. Vipimo nimechora nyuma ya karatasi hii. Ni la kufundishia sayansi tu, darasa la saba.

Mkweo,
Robert Kipkosgei


Mogogosiek
11 Juni 2025

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikaiweka chini ya cherehani nisiione.

Wewe ni mtoto wa Konoin. Umekulia hapa kwa majani chai kama sisi. Maji uliyoyajua ni ya ndoo na ya mvua. Serikali ikakupeleka kufundisha katikati ya ziwa, sawa, hiyo ni kazi. Lakini kupanda kidude cha futi kumi na nne kwa kupenda kwako? Ai, Mwalimu.

Phyllis hajakuambia vile baba yake alikufa, nakuambia mimi. Mokaya alikuwa fundi wa pampu kwa shamba moja la chai huko juu. Walimtuma aingie bwawani atoe takataka zilizoziba bomba. Bwawa lenyewe si kubwa, ng'ombe wanakunywa hapo. Aliingia saa nne asubuhi, wakamtoa saa tisa. Phyllis alikuwa na miaka tisa. Alikuta viatu vya baba yake ukingoni vimepangwa vizuri na soksi ndani, akavibeba akaja navyo nyumbani, akaniuliza baba ametembea vipi bila viatu.

Kwa hiyo mimi na maji tulimalizana. Niliapa sitakanyaga kitu chochote kinachoelea. Sayansi ifundishwe kwa ubao na chaki.

Lakini hebu niambie, hilo tanga linafanya nini hasa? Na mbona kila mstari umeandika "tafadhali"?

Elmina Bitutu


Wayando
20 Juni 2025

Kwa Mama,

Pole kwa habari ya Mzee Mokaya. Phyllis aliniambia alikufa kazini, hakuniambia la viatu. Niliposoma nilitoka nje kwanza.

Umeuliza tanga linafanya nini. Asubuhi huku upepo unatoka bara unakuja kwetu kisiwani. Mchana unageuka. Kusukumwa na upepo hakuna ujuzi, hata gunia tupu linasukumwa. Kazi ni kupanda, yaani kwenda kule upepo unakotoka. Mashua haiwezi kuupanda upepo moja kwa moja. Inakata kulia, halafu inakata kushoto, vile wachuma chai wanavyopanda mteremko wa nyuma ya kiwanda chenu wakiwa na mzigo mgongoni.

Ili iweze kupanda inahitaji mambo matatu. La kwanza ni ubao mrefu unaozama katikati, isiteleze kando. Huo nitauchonga mimi. La pili ni ukingo wa mbele wa tanga ukazwe kama kamba ya nguo. La tatu ndilo lako: tanga liwe bapa, karibu kama kitambaa cha meza. Tanga likiwa na tumbo kubwa, Mama, halipandi. Mashua itarudishwa tu nyuma mpaka ufuoni ilikotoka, hata nahodha awe hodari namna gani.

Nakuahidi nitavaa jaketi la kuelea. Sitaenda mbali kuliko pale Phyllis anaweza kuona shati langu. Naomba usinikatalie. Nina sababu, na siwezi kuieleza zaidi ya hapo.

Mkweo,
Robert


Mogogosiek
4 Julai 2025

Dada Sally,

Nakuandikia maana simu yako inashikwa na watoto wako wote, na nikituma ujumbe Ndanai nzima itajua kabla yako. Ukimaliza kusoma, barua hii iwashie jiko.

Mkwe wangu anataka tanga. Nikikataa, atamtafuta fundi mwingine huko ziwani, amshonee lile la kumtoa mpaka maji makuu, na mimi niletewe viatu. Nikimshonea anavyotaka, nimemtoa mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Nimelala na jambo hili wiki mbili, Sally. Cherehani ikinguruma nasikia pampu ya lile bwawa.

Sasa kijana mwenyewe ameniandikia kwamba tanga likiwa na tumbo, mashua inarudishwa ufuoni. Nikasema asante, Mwalimu.

Nimelishona. Mshono mara mbili, uzi mzito, pembe zimetiwa ngozi, ukiliona utalisifu. Halafu nikatia dati nane. Nne ukingo wa mbele, nne chini, zile za kutokeza kifua cha gauni, lakini ndefu, kila moja urefu wa mkono. Kitambaa sikukata, nimekunja tu ndani na kushona. Likining'inia linaonekana zuri tu. Likishika upepo litavimba kama mfuko wa majani uliojaa.

Atajaribu, atarudishwa, atachoka. Ataiacha hiyo mashua ioze. Binti yangu atabaki na mume.

Niombee. Nimemdanganya mkwe, na kwetu hilo si jambo dogo.

Elmina


Mogogosiek
5 Julai 2025

Mwalimu,

Tanga hilo hapo, nimelituma kwa basi la Kericho. Nimeshona kila mshono mara mbili. Huku mvua ya mawe imepiga chai ya juu, wachumaji wako nyumbani, kwa hiyo nilikuwa na nafasi.

Jaketi vaa. Shati lako liwe jeupe, lionekane.

Elmina Bitutu


Wayando
19 Julai 2025

Kwa Mama,

Tanga limefika na kila mtu hapa amelisifu. Wavuvi wawili waliigusa ile mishono wakauliza fundi ni nani, nikasema ni mama yangu wa Mogogosiek, nikajivuna kidogo.

Lakini mashua haipandi. Nimetoka asubuhi tatu, na mara zote tatu nimerudishwa. Nakata kulia, nakata kushoto, nikiangalia nyuma mti wa ufuoni unanisogelea badala ya kwenda mbali. Mara ya tatu upepo ulinipitisha kando ya kisiwa kabisa, ukawa unanipeleka kule ambako hakuna nchi kavu unayoiona kwa macho. Nilipiga kelele. Sijui kuogelea, Mama, hilo sikukuambia. Wavuvi walinifunga kamba wakanivuta kama ndama.

Kosa ni langu. Ni ule ubao wa katikati, niliuchonga mfupi. Nimeanza kuchonga mwingine. Naomba unitumie nyuzi za sufu nyekundu, vipande kumi hivi. Vinafungwa pande zote mbili za tanga. Upepo ukipita sawasawa vinalala vimenyooka, ukipita vibaya vinarukaruka, na nahodha anajua kosa liko wapi.

Lazima ipande kabla Agosti haijaisha. Lazima.

Mkweo,
Robert


Mogogosiek
30 Julai 2025

Mwalimu,

Nyuzi hizo, ni masalio ya fulana niliyomfumia Phyllis akiwa shule.

Niliposoma vile ulivutwa kama ndama niliweka barua chini nikashika kichwa. Hujui kuogelea! Woi. Na bado unasema lazima. Lazima ya nani? Sayansi ya darasa la saba inafungwa Agosti?

Sikiliza mama mzee. Umejaribu, ziwa limekukataa. Hiyo mashua itoe majini, ifanye hori ya ng'ombe. Hakuna mtu atakucheka, na akicheka mtume kwangu.

Phyllis mbona hapigi simu siku hizi? Na akipiga anaongea kama mtu amelala.

Elmina Bitutu


Wayando
14 Agosti 2025

Mama,

Naandika kwa Kiswahili maana Ekegusii yangu ya kuandika huwa unaicheka. Mlingoti wa network umepigwa na radi, simu hapa sasa ni za kuangalia saa tu. Barua hii nampa Arasa, fundi wa sola, anakuja kwao Kedowa. Amesema atakuletea mkononi.

Mama, nina mimba ya miezi saba na nusu.

Usipige kelele. Keti kwanza.

Ile ya kwanza nilikuambia mapema, ukapika, wamama wa kanisa wakaja wakaimba, halafu nikaipoteza. Ya pili vilevile. Kila mtu alikuja kuniambia pole na kila pole ilinichoma. Safari hii niliapa sitamwambia mtu mpaka nimshike mtoto mkononi. Nikamwapisha Robert pia. Na hata bila kiapo angekuambia vipi? Mkwe anaanzia wapi kumtajia mama mkwe mambo ya tumbo la binti yake? Angekufa kwa aibu.

Ule uongo wa kwamba nawakemea watoto ni wa Robert. Tangu Mei nimelala chali. Daktari alikataza barabara, alikataza kila kitu, alisema mlango wa kizazi ni dhaifu na huyu lazima atolewe kwa upasuaji. Hospitali iko ng'ambo, bara. Tarehe tano Septemba kuna chumba karibu nayo kitakuwa wazi, tutahamia. Lakini wale wawili walitoka mapema, Mama. Boti za injini hapa ni tatu, na kuna asubuhi zote tatu hazipo. Na asubuhi upepo unatoka bara.

Kwa hiyo tanga si la sayansi. Ni la kunivusha mimi.

Robert anaamka kila siku anaenda kujaribu, anarudi amelowa, anachonga ubao mpaka mikono inatoka damu. Haelewi kwa nini haipandi. Juzi alilia akidhani nimelala. Mimi nahesabu siku. Naogopa, Mama. Lakini nikiona lile tanga la bluu limetundikwa ukutani natulia kidogo, maana ni mkono wako.

Usimwambie nimekuambia.

Phyllis


Mogogosiek
2 Septemba 2025

Mwalimu Robert,

Naandika nimegeukia ukuta, nisione hata karatasi.

Arasa ameniletea barua ya Phyllis jana jioni. Ilikaa kwa koti lake zaidi ya wiki mbili, ati alisahau. Nimejua kila kitu. Nimepiga simu yako na yake mara kumi na nne, hakuna. Nimepigia shule, hakuna. Sijui mko hai au hamko.

Ubao wako hauna kosa. Kosa ni mimi. Lile tanga nilitia dati nane makusudi, nne ukingo wa mbele na nne chini, livimbe, likurudishe ufuoni. Wewe mwenyewe ulinifundisha namna ya kuliharibu. Nilifanya hivyo kwa sababu ya Mokaya. Niliona viatu vyako, Mwalimu, niliviona wazi. Sikuuliza lazima yako ni ya nini. Nilidhani ni mchezo wa vijana, nikakuacha unachonga ubao usio na kosa.

Kitambaa sikukata. Kama hujamvusha, fumua hizo dati leo hii, usingoje. Tumia wembe, kata uzi tu, tanga litakuwa bapa. Pamoja na barua hii kuna tanga jipya nililoshona tangu jana bila kulala, halina dati hata moja. Nimelikunja na barua iko katikati. Kifurushi kimeandikwa jina lako wewe peke yako.

Sina uso wa kuomba msamaha. Mama mkwe hamkosei mkwe hivi, hata sijui kwetu wanasafisha namna gani. Ukitaka kuwaita wazee, waite, nitakuja niseme mbele yao.

Ninaomba kitu kimoja. Kama mtoto yuko, na Phyllis yuko, nivushe nimuone. Mimi niliyeapa. Sijamwambia mtu yeyote jambo hili ila wewe. Nitapanda hiyo mashua.

Elmina Bitutu


Hospitali, ng'ambo
4 Septemba 2025

Mama,

Jana nilikupigia kwa simu ya nesi, maana zetu zilibaki kisiwani, nikakuambia tuko wazima, nikakata. Nilikata ukiwa bado unaita jina langu. Robert alikuwa ameketi pale kitandani. Yale mengine siwezi kuyasema akisikia.

Ilikuwa Jumamosi tarehe thelathini. Boti zote tatu zilikuwa zimebeba watu wa mazishi tangu Ijumaa. Saa mbili asubuhi nikaona damu. Nesi Nelvine wa zahanati akaja na mkoba wangu wa kuzalia, akaangalia, akamwambia Robert, "Mwalimu, ni sasa." Wakanibeba na godoro wakaniweka ndani ya mashua.

Upepo ulikuwa unatoka bara, vile tuliogopa. Robert akakata kulia, akakata kushoto. Mimi nilikuwa chali, naona mbingu, tanga, na ncha ya ule mti wa ufuoni. Kila tukigeuka mti uko karibu zaidi. Mara tatu. Robert alikuwa anasema, "Ni ubao, ni ubao," anausukuma chini kwa goti, na machozi yanamtoka. Nelvine alianza kuomba kwa sauti. Nikajua tunakufa hapo, mimi na mtoto, tukiwa tunaona nyumba yetu.

Sasa nikiwa chali jua lilikuwa nyuma ya tanga. Likapenya kile kitambaa cha bluu, na nikaona mistari myeusi pale kitambaa kimekunjwa mara mbili. Nikahesabu nane.

Mama, nimekaa chini ya meza yako nikiokota pini tangu nikiwa na miaka mitano. Dati ya kwanza nilishona nikiwa na kumi. Wewe hukosei. Hujawahi kutia dati mahali ambapo hukutaka kitu kivimbe.

Nikapiga kelele washushe tanga. Robert alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia Nelvine anipe ule wembe mpya wa mkoba, ule wa kukatia kitovu. Tanga likashushwa juu yangu kama blanketi, nikaanza kukata uzi. Nelvine alishika kitambaa. Mashua ilikuwa inarudi nyuma na uchungu unakuja, nikipumua nakata, nikishindwa kupumua nangoja.

Nitakuambia ukweli. Kutoka dati ya kwanza mpaka ya nne nilikuchukia. Nilikuchukia vile sijawahi kumchukia mtu. Ya tano nikakumbuka viatu vya baba, vile nilivibeba na nikakuuliza swali, na uso wako. Nikajua umefanya nini na kwa nini. Nikaendelea kukata.

Tanga lilipopanda tena lilikuwa bapa. Zile nyuzi zako nyekundu zikaacha kurukaruka, zikalala, pande zote mbili. Robert akaziangalia, akaacha kulia. Mashua ikainama kidogo ikaanza kwenda. Nikaangalia mti, ukaanza kuwa mdogo. Safari yote ilichukua masaa mawili na nusu. Wakanipasua saa tano na dakika ishirini.

Ni mvulana. Kilo mbili na gramu mia moja, mikono kama ya kuku, sauti kama ya king'ora cha kiwanda. Robert mwenyewe amesema aitwe Mokaya.

Robert hajui, Mama. Nimemwambia ulishona kwa mazoea ya aproni, ukasahau ni tanga. Amekubali. Tafadhali, usimwambie kamwe. Anakuheshimu kupita kiasi, na akijua, utabaki na mkwe asiyeweza hata kukuandikia.

Phyllis


Mogogosiek
8 Septemba 2025

Phyllis mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimeketi chini sakafuni. Uliponichukia ulikuwa na haki. Sitasema zaidi, nikianza sitamaliza.

Sikia haraka, naandika maana kwa simu ya nesi Robert atasikia. Nilimwandikia Robert. Tarehe mbili, kabla hujapiga simu, nilimwandikia kila kitu, dati zote nane, nikakunja barua katikati ya tanga jipya nikatuma kwa basi. Kifurushi kiko kwa ofisi yao huko ng'ambo. Nimepiga simu wakitoe, wanasema ni mpaka mwenye jina na kitambulisho.

Kama hajakichukua, mzuie. Mwambie tanga si la lazima tena. Kama amekichukua, tafuta barua, ichome. Kama ameisoma, niambie tu neno moja.

Nimeshika dini miaka yote hii na sasa naomba Mungu hiyo ofisi ifungwe. Nilimwogopea huyu kijana maji, kumbe sasa namwogopa yeye mwenyewe. Jirani akiita "Mama Phyllis" nadhani wazee wamefika.

Na mtoto amepewa jina la Mokaya! Nani alimwambia Robert aniongezee deni hilo?

Mama


Wayando
20 Septemba 2025

Kwa Mama,

Nakusalimu nimesimama, safari hii nikiwa na Mokaya mkononi, kwa hiyo mwandiko ni mbaya. Tulirudi kisiwani juzi kwa boti ya injini, polepole. Anakunywa maziwa kama mtu aliyetoka kuchuma chai. Phyllis anatembea mpaka mlangoni na kurudi.

Phyllis aliniambia nisiende kuchukua kifurushi, ati si lazima tena. Alikuwa amechelewa siku mbili. Nilikuwa nimekichukua tarehe tisa.

Tanga jipya ni zuri. Nimelitundika na limekaa bapa, nyuzi nyekundu nimezihamishia huko. Ndani yake kulikuwa na barua. Kwa bahati mbaya nilipokuwa navuka wimbi liliingia, barua ikalowa yote, wino ukatoka. Sikuweza kusoma hata neno moja. Nimeitupa majini. Usihangaike kuiandika tena, Mama. Nina hakika ilikuwa ya salamu.

Jambo lingine. Jumamosi tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi, nitakuwa ufuoni ng'ambo na mashua. Upepo wa asubuhi utakuwa nyuma yetu mpaka kisiwani. Mchana utageuka, utaturudisha vilevile kwa nyuma. Siku hiyo hatutapanda upepo hata kidogo. Majaketi nimekuwekea mawili. Mimi nitaketi nyuma kwa usukani na wewe utaketi mbele ukiangalia kisiwa, kwa hiyo hatutaangaliana.

Wazee sijawaita. Sina la kuwaambia.

Mwanao,
Robert


Mogogosiek
24 Septemba 2025

Robert,

Barua ililowa. Sawa, nimesikia. Kuhusu kuvuka na kuhusu wazee, niliandika ndani ya hiyo barua tu, sikumwambia hata Sally. Lakini umesema ililowa, na mimi nasema ililowa.

Umeandika "mwanao". Nimeliona neno hilo, nimelifunika kwa kiganja, nikaliangalia tena.

Nimekata tiketi ya basi la kwanza la Jumamosi. Naogopa, Robert. Naogopa mpaka jana niliweka karai la maji mbele yangu, nikaingiza mkono nizoee, nikautoa. Ukiona nimefumba macho usiniongeleshe. Ukisikia nalia imba kitu.

Nimembebea mtoto fulana nyekundu. Nimebeba na sindano, uzi na wembe, ikiwa kuna mshono utaachia huko katikati.

Viatu nitakavyovaa ni vile vyeusi vya kanisa. Phyllis akisema nivivue visilowe, mwambie mama yake amekataa. Sitaviacha ufuoni. Nitapanda navyo.

Mama yako,
Elmina Bitutu